Mama wa Siki

Simu ilinikuta masjala, saa tatu asubuhi, nikipanga mafaili ya watumishi walioomba likizo. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ikaniuliza kama mimi ndiye Kabula wa Bariadi, nikasema ndiye. "Mimi ni Rehema, mtoto wa kaka yake Mwalimu Zuhura," akasema. "Shangazi tumemzika jana. Nimekuta jina lako kwenye daftari lake la namba, nikaona si vizuri usijue." Nikampa pole, nikauliza alikuwa anaumwa nini, akasema ni uzee tu, kisha akaongeza kwamba miaka ya mwisho alikuwa haoni kabisa, wakawa wanamshika mkono hata kwenda chooni. Alipokata simu nilibaki nimeishika. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nani kafiwa. Nikamwambia ni mimi. Mwalimu Zuhura hakuwa ndugu yangu, na kama watu wake wa Lushoto wangejua nilichomfanyia, Rehema asingenitafuta. Huu sasa ni mwezi wa nne tangu simu ile, na nimekwisha kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Kabla sijasema lilivyokwenda, inabidi niseme mwaka wenyewe.

Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado mchanga. Vibao vya ofisi vilikuwa vinanuka rangi, na kila wiki watumishi walishuka kwenye mabasi na masanduku yao wakiulizia vyumba. Mimi nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Bukundi na cheti cha kuchapa, nimepata kazi kwenye steshenari moja karibu na hospitali. Mwalimu Zuhura alikuwa mstaafu wa sayansi kimu, mtu wa milimani Lushoto, aliyeletwa huku na uhamisho akiwa kijana na kuzeekea hapahapa Somanda, mtaa wa Bariadi, bila kujua Kisukuma zaidi ya salamu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, bati lenye kutu, jiko la kuni uani, na chumba alichonipangisha kilipakana na stoo. Stoo ndiyo ilikuwa na siki. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo hewa ya mle ndani ndiyo niliyovuta mwaka mzima: harufu ya embe lililoanza kulewa, harufu ya ukwaju, na chini yake kitu kikali kinachopanda puani kama unataka kulia. Nguo zangu zilinuka hivyo. Wateja wa steshenari walikuwa wananisogelea kuchukua kopi zao, wananusa, wananitazama usoni.

Nilihamia msimu wa maembe, yakiwa yanaoza barabarani, na wiki ya kwanza tu Mwalimu alinifundisha kazi yote. Maganda na kokwa aliviweka kwenye mitungi ya kioo, akamwagia maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia sukari, akafunika kwa kipande cha kanga na kukifunga kwa mpira wa baiskeli. Kila asubuhi anakoroga kwa mwiko. Siku za mwanzo mtungi unatoa povu wenyewe bila moto, na ukitega sikio unausikia unanong'ona. Kisha unatulia, anachuja, anauacha gizani miezi miwili hadi uwe mkali. Lakini hiyo kwake ilikuwa ni maandalizi tu. Kazi aliyoipenda ilianza siki ilipokomaa: anaipasha moto kidogo isichemke, anaimimina juu ya matunda aliyoyaponda, anaziba, anaacha wiki tatu tunda liishiwe rangi na harufu, kisha anachuja kwa kitambaa cheupe na kujaza chupa. Siki ya mapera ilitoka na rangi ya chai. Ya zambarau ilikuwa nyekundu ya kutisha. Ya furu, yale matunda meusi ya porini ambayo watoto walikuwa wanatuletea kwa makopo, ilikuwa nyeusi kama wino, tamu mwanzoni, na ukali wake unakuja baadaye ukiwa umeshameza. Jioni tulikula mkekani, ugali wa dona na nsansa, mboga za majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizopikwa kwa karanga, siku nyingine sato wa kukaanga, naye anadondosha matone ya siki juu ya sahani yangu bila kuniuliza. "Onja kwanza, ndiyo uniambie hutaki," alikuwa anasema. Sikuwahi kusema sitaki. Sijala vizuri namna ile tena, na nasema hivyo nikijua vilivyoisha.

Macho yake yalikuwa mekundu. Wa kwetu akisoma hapo anaelewa bila maelezo. Asiye wa kwetu nimwambie kwamba kuni za miaka mingi huwachoma macho wanawake, na kwamba kulikuwa na vijiji ambako bibi mwenye macho ya namna ile, akiwa peke yake, watoto wake wako mbali, alikuwa mtu wa kuogopewa, na anayeogopewa alikuwa hatarini. Bukundi niliwahi kuona nyumba ya bibi mmoja imebaki majivu, na wakubwa wanapita wanaongea habari za mvua. Mwalimu alikuwa na macho mekundu na juu yake mtoto wa jicho, utando wa kijivu uliokuwa unakua mwaka hata mwaka. Mtu alimjua kwa umbo na sauti. Chupa alizijua kwa kuzinusa. Maandishi hakuyaona tena, na aliona haya kusema, mwalimu asiyeweza kusoma, kwa hiyo alikuwa anashika gazeti mbele ya uso na kuniuliza, "Wanasemaje leo?" kama vile amechoka tu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mayu Limi. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa na shamba la pamba nje ya mji, na asubuhi anapitisha kikombe cha maziwa ya mgando juu ya michongoma akiniamkia kwa Kisukuma na kuniita mwanangu, "Mwangaluka, ng'wanone, kunywa uende kazini na nguvu." Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila mwezi alikwenda hospitali kuchukua vidonge, akirudi anapita kwetu kulalamika kwamba vinamharibu tumbo, kwamba vinamfanya mtu mzee anayehesabu chakula. Mwanaye Masanja alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Maswa na alikuja mara chache. Siku moja Mayu Limi aliingia stooni nikiwa nachuja, akaona mtungi mmoja una kitu kinaelea juu, duara nene, laini, rangi ya nyama iliyooshwa. Akarudi nyuma. "Nini hiyo?" Nikamwambia kama Mwalimu alivyonifundisha, kwamba siki ikikaa inajifanyia utando, na utando huo ndio unaogeuza mtungi mwingine ukihamishiwa humo, ndiyo maana unaitwa mama. "Mama?" "Ndiyo. Mama wa siki." Akacheka, akaugusa kwa kidole, nao ukazama na kuinuka. "Mayu," akasema, akiuambia ule utando. "Mwangaluka, mayu." Jioni ile alikwenda kusimulia bombani, na watoto wakaja kuchungulia dirishani kwetu wakiulizana yuko wapi mayu wa kwenye chupa. Tulicheka sana, mimi na Mwalimu.

Lebo zilianza baada ya mvua kubwa. Siki ilikuwa imeanza kupendwa. Wauguzi waliichukua, wenye mahoteli ya stendi waliichukua kwa ajili ya kachumbari, na Mwalimu akaniomba nimchapie karatasi ndogo za kubandika. Akasimama mlangoni kwangu, mikono nyuma, akanipa imla: "Siki ya furu. Imetengenezwa nyumbani. Kiungo cha saladi, nyama na samaki. Tikisa kabla ya kutumia. Basi." Nikaenda nayo steshenari. Siku hizo kulikuwa na mtu kwenye redio anayesifu siki, kwamba inasafisha damu, inashusha sukari, inaondoa presha, na wateja waliosubiri kopi walikuwa wanamsikiliza midomo wazi. Nilichapa maneno ya Mwalimu. Nikaona karatasi imebaki na nafasi chini. Nikaandika: *Hutibu sukari na presha.* Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Sikutumwa, wala sikuahidiwa chochote. Nilitaka tu Mwalimu aniambie siki imekwisha, watu wanataka nyingine, na nijue moyoni kwamba ni mimi. Nikatoa karatasi nyingi, nikazikata kwa mkasi, nikabandika mwenyewe kwa gundi, naye akapapasa chupa moja akasema, "Zimenyooka. Una mkono mzuri."

Mayu Limi hakujua kusoma. Alikuja na chupa mkononi, akaigeuza kwangu. "Imeandikwa nini hapa chini, bebe, wewe Kabula?" Ningeweza kumsomea mistari minne na kuacha wa tano. Nilisoma yote. Akauliza, "Inatibu?" Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa." Ndivyo nilivyomjibu, kana kwamba aliyeandika ni mwingine. Akaipeleka kifuani ile chupa, akaondoka nayo, na tangu siku hiyo alikunywa vijiko viwili asubuhi, kisha vinne, kisha nusu kikombe, akikunja uso na kumshukuru Mungu.

Mwanzoni alisema anajisikia mwepesi, na ni kweli alikuwa mwepesi, kanga zilikuwa zinamwanguka kiunoni. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbugani, na kwenda chooni kila mara. Wakati wa kuvuna pamba alikanyaga kisiki shambani. Kijidonda kidogo, kwenye ukingo wa unyayo, akakipaka mafuta. Wiki mbili baadaye nilipompelekea mboga nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya gunia, akinyonya ukwaju. "Kinakauka taratibu," akasema. Akanituma nimletee kanga safi kwenye sanduku. Chini ya kanga kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na kopo lilipogongwa lilitoa mlio wa punje kavu. Nikafungua. Vidonge. Vilikuwa vya mwezi huo, na wa kabla yake, na wa kabla ya huo, vyote katika vipakiti vyake vya hospitali, na jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. "Mayu," nikasema, "hivi hunywi?" Akacheka kidogo. "Nitakunywa dawa mbili, ng'wanone? Si uliniambia ile inatibu? Usimwambie Masanja, ananunaga." Nikafunika kopo. Nikafunika na sanduku. Nilimwambia aende hospitali akaoshwe kidonda, akaitika, lakini kuhusu siki sikusema neno, maana kusema kungekuwa kusema niliandika uongo, na nilijidanganya kwamba bado kuna wakati.

Masanja alikuja, akamwona mama yake, akampeleka siku hiyohiyo hospitali. Walimkata mguu chini ya goti. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo na aliniita kwa jina la dada yake. Siku ya sita akafariki. Kwenye msiba Mwalimu Zuhura alipeleka sufuria ya pilau, akiwa amejifunga kanga mpya, akikanyaga taratibu kwa sababu ya macho, na wanawake waliokuwa jikoni wakaipokea sufuria. Jioni niliiona ile pilau nyuma ya choo, imemwagwa yote, kuku hawaigusi kwa sababu mtu alikuwa amewafukuza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, na huo upolepole ndio uliokuwa mbaya. Ukimsalimia mtu "Mwadila" na asiitike, kwa Msukuma hilo ni tusi kubwa kuliko kofi, na mtaa wetu uliacha kuitika. Watoto wa furu hawakuja tena. Asubuhi tukifungua geti tunakuta chupa zimerudishwa, zimepangwa ardhini mstari mmoja, zimejaa, lebo zikitazama nyumba. Siku ya kwanza zilikuwa tatu. Wiki iliyofuata zilikuwa kumi na moja. Mwalimu alizisikia kwa mguu, zikigongana. "Nani kazileta?" "Sijui, Mwalimu." "Hawajazipenda?" Nikazibeba ndani, na nikiwa peke yangu stooni nilizilowesha kwenye beseni na kukwangua lebo kwa kisu, moja moja, hadi kucha zikauma. Steshenari walikuja wanaume wawili kutoa kopi ya kitambulisho, wakawa wanaongea Kisukuma bila kujali nipo. Mmoja alisema Masanja amekwenda kwa mpiga ramli mbali huko, na ramli imesema ni mtu aliyetoka milimani, macho ya moto, anafuga kitu hai ndani ya maji. Mwingine akajibu kwamba hilo lilishajulikana, mbona marehemu mwenyewe aliliona na kulisalimia. Siku nyingine nilikuwa bafuni, lile la mabati, nikasikia wanawake wawili nyuma ya ukuta. "Alimwita mayu, naye akaitikia." "Kwa hiyo yumo?" "Yumo. Amemweka mayu ndani ya chupa. Kilichozikwa ni kigogo tu." Maji yalikuwa yananitiririka na nilishindwa kujimwagia mengine, nisije nikasikika.

Nilimwambia Mwalimu aende kwao, hata kwa mwezi. Sikumwambia sababu yote, nilimwambia watu wana maneno. Alikuwa anaponda mapera. "Nimekaa hapa zaidi ya nilivyokaa kwetu," akasema. "Hawa nimewafundisha. Nusu ya wanaopita hapo njiani nimewafundisha kushona kifungo. Watu wakisema maneno, unawaeleza." Aliamini hivyo kabisa. Siku hizi nakutana na watu wanaoamini hivyo na naogopa kwa niaba yao.

Walikuja alasiri, saa kumi, jua likiwa bado kali. Walikuwa kama arobaini, wanaume wengi wakiwa na fimbo zao za kawaida, na mwenyekiti wa mtaa mbele akitokwa jasho, nadhani alikuja ili mambo yasimponyoke. Hakuna aliyepiga kelele. Wangepiga kelele nisingeogopa kiasi kile. Mwalimu alitoka amevaa miwani yake isiyomsaidia, akawakaribisha, akaomba radhi kwamba viti havitoshi. Mwenyekiti akasema kuna malalamiko, wanataka kuona kilichomo stooni. "Kabula," Mwalimu akaita, "walete mtungi mkubwa." Niliuleta. Sijui niliubebaje. Niliuweka katikati ya ua, nikafungua mpira, nikatoa kitambaa, na watu wa mbele wakarudi nyuma kwa pamoja. Masanja pekee hakurudi. Alikuwa kijana mrefu, macho yamevimba kwa kulia. Aliinama akachungulia, kisha akausukuma mtungi kwa mguu, ukaanguka na kupasuka, na siki ikaenda pande zote, na lile duara likabaki kwenye mchanga, likitetemeka, kubwa kama ini la ng'ombe.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Ni mama wa siki," Mwalimu akasema, kwa sauti ya darasani. "Msiogope. Ni kama utando juu ya maziwa. Hakina roho, hakidhuru, hata kuliwa kinaliwa." Akapiga magoti, akapapasa kwa mikono hadi akakipata, akamega kipande kwa vidole, akapangusa mchanga, akatia mdomoni, akatafuna. Alifikiri anawatuliza.

Mwanamke mmoja nyuma akapiga yowe. "Anamla! Anamla mayu!"

Fimbo zikainuka. Mwenyekiti akaruka akasimama mbele ya Mwalimu na mikono yake wazi, akiwaapia kwamba atakayempiga atamtaja kwa jina polisi, na kwa muda huo mfupi kila kitu kilining'inia. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko. Nilikuwa na lebo mfukoni, moja niliyokuwa nimeibandua asubuhi ile, bado ina unyevu. Nilijua kwamba nikisema, "Mayu Limi aliacha vidonge, viko kwenye kopo chini ya kanga, na aliyemfanya aache ni mimi," Masanja angekwenda kufungua sanduku, na fimbo zile zingewekwa chini, au zingenigeukia. Nilifungua mdomo. Mwalimu akageuza uso upande wangu. Aliniona kama umbo tu mlangoni. "Kabula," akasema, "ingia ndani uzime jiko. Moto unaungua bure." Nikaingia. Hakukuwa na moto wowote. Nilikaa kwenye kinu, nikaziba masikio, na nilichosikia moyoni, nakiandika hapa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuandika habari hii, kilikuwa ni nafuu.

Mwenyekiti alipata alichokitaka: aondoke kabla ya saa sita mchana kesho yake, asirudi. Wakavunja mitungi iliyobaki, yote, kwa utaratibu, kama watu wanaochuma pamba. Asubuhi nilimfungia mizigo, begi moja na ndoo ya vyombo. Ua mzima ulikuwa unanuka matunda, na nzi walikuwa wamefika. Alikaa kwenye kibaraza akisubiri bodaboda, mikono juu ya magoti, na bila kunigeukia akasema, "Lebo zile nilisomewa. Mwezi wa tano. Mzee mmoja msikitini aliniuliza tangu lini nimekuwa tabibu." Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" "Nilikuwa nakungoja uniambie wewe. Mtoto akikosea nampa muda, ndivyo nilivyofundisha siku zote. Halafu siki ikawa inapendwa, mwanangu, na mimi nikapenda kupendwa, muda nao ukapita. Kwa hiyo usibebe yote. Limi aliumwa kidonda, siki haikati mtu mguu. Na jana ungesema, wangekugeukia wewe. Mimi nina kwetu pa kwenda."

Hapo ndipo ningemwambia kuhusu vidonge. Alikuwa hajui. Alidhani kosa langu ni maneno manne kwenye karatasi, ya kumuaibisha mbele ya mzee wa msikitini, na alikuwa amenisamehe kosa hilo dogo kwa kupoteza nyumba. Bodaboda ikafika. Nikamshika mkono kumpandisha, nikamfungia ndoo nyuma, na sikumwambia. Aliniandikia mara mbili kwa mkono wa watu, akanitumia na namba ya simu ya huko kwao, nami nikajibu habari za mvua.

Baada ya simu ya Rehema niliomba ruhusa siku moja nikaenda Maswa. Masanja sikuwa nimemwona tangu mwaka ule; nilimkuta ana mvi, ana nyumba ya matofali, ana watoto wanaosoma. Alinipokea vizuri. Alinikumbuka kama binti aliyekuwa anamletea mama yake mboga. Mkewe akanipa maji, akachinja kuku, akasema sitoki bila kula. Nilimwomba Masanja tukae nje, na pale kwenye viti vya plastiki, wanawe wakicheza mbali, nikamweleza yote kuanzia steshenari: mstari wa tano, namna nilivyomsomea mama yake, kopo la vidonge, mlango wa jiko. Nikamwambia Mwalimu Zuhura amefariki na alikufa kipofu. Hakunikatiza. Aliniacha nimalize, akitazama mikono yake.

"Lile kopo nilimzika nalo, pamoja na kanga zake," akasema mwishoni. "Nilidhani ni la sukari ya chai. Sikufungua." Kisha akaniuliza, "Unataka nikufanyie nini?"

"Sitaki kitu. Nilitaka ujue."

"Sasa najua." Akainua uso. Haukuwa na hasira, ningefurahi kama ungekuwa nayo. "Miaka yote hii, nikimkumbuka mama, najiambia angalau yule aliyemuua nilimfukuza kwa mkono wangu. Nilikuwa nalala kwa hilo. Leo umekuja kuniambia nilimfukuza bibi asiyeona. Haya. Nenda."

Nikasimama. Mkewe alitoka jikoni na sinia la chakula, akatuona, akasimama hapohapo. Kwetu mgeni husindikizwa hadi njiani, hata uliyegombana naye, unampokea mkoba, mnaongea maneno mawili matatu mpaka mnapoagana. Nilifika getini, nikalifungua mwenyewe, nikatembea hadi barabarani katikati ya mchana, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.